Yungiyungi Lenye Sura ya Kabichi

4 Februari

Wifi yangu,

Shikamoo sikupi, maana tumezaliwa mwaka mmoja na hakuna kati yetu aliyewahi kukubali kuwa mkubwa. Nakupa habari tu. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto linalia kama bawaba ya mlango wa stoo. Kaka yangu hajambo? Mgongo wake je? Na pacha wanaendeleaje huko chuoni? Nimesikia mmoja anasoma na mwenzake anamwangalia akisoma.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatufiki mbali. Mara ya mwisho, wiki ile baada ya kumzika Mama, ulinikatia nikiwa katikati ya sentensi, na sentensi yenyewe ilikuwa nzuri. Nikaapa sikupigii tena. Barua haikatwi. Unaweza kuichana, lakini utakuwa umeshaisoma.

Jambo lenyewe ni sahani ya Mama. Hapa makumbusho, ninapokula mshahara kwa kuunganisha vyombo vilivyovunjwa na watu waliokufa zamani, tunaandaa maonyesho ya Julai. Yanahusu michoro ya sahani za kale za Kichina: yale maua na mawimbi yalikuwa wapi kabla hayajatua kwenye sahani. Mkuu wa idara aliona picha kwenye simu yangu, ile ya Mama akitimiza miaka themanini, ambapo wewe umekatwa shingoni na sahani nyuma yako imetoka nzima, kasoro ukingo uliofichwa na kopo la biskuti. Akaniuliza, "Hii iko wapi?" Nikamwambia iko sebuleni kwa wifi yangu, juu ya friji mbovu ambayo mumewe, fundi wa friji, hajapata nafasi ya kuitengeneza kwa miaka sita. Hakucheka. Watu wa kauri hawacheki.

Naomba uitoe. Tutaipima, tutaisafisha, tutaionyesha, itarudi.

Najua utaniambia Mama alisema ibaki ilipo. Mama pia alisema madaktari wa meno wote ni wezi. Si kila alilosema ni wosia.

Wifi yako,
Daktari wa Vyungu (si ndivyo kaka anavyoniita nikigeuka?)


19 Februari

Daktari,

Barua imefika. Kaka yako aliifungua kwanza, akasoma hadi pale pa friji, akanirudishia kimya kimya. Mgongo wake umepona, sasa anaumwa bega. Yule pacha anayeangalia amepata alama nzuri kuliko yule anayesoma, kwa hiyo nyumbani hakuna amani. Mimi nimemaliza msimu wa sare za shule na shingo imekakamaa kama ukosi wa shati jipya. Siku hizi nikitaka kuangalia pembeni nageuka mwili mzima.

Sahani ipo. Haina neno. Ila sioni sababu ya kuisumbua kwa safari. Njia yenyewe ni mashimo matupu. Kwani hamna watu wa kuja kupiga picha? Picha haivunjiki.

Halafu umesema mnasafisha. Mnasafisha na nini? Nauliza tu.

Kama shida yenu ni kitu cha kizamani, kuna birika la Mama, lile lenye mdomo uliopinda. Chukueni hilo, hata msirudishe. Maana hiyo sahani nimeiangalia miaka ishirini na saba na bado naona kabichi zimefungwa kamba. Kama Wachina walitaka maua, wangemtafuta mtu aliyewahi kuona ua.

Salamu kwa goti.

Wifi yako,
Fundi wa Sare


8 Machi

Wifi,

Pole kwa shingo. Mpe pole kaka kwa bega, na hongera kwa pacha mwangaliaji. Birika sitaki.

Si kabichi. Ni yungiyungi la maji. Lakini nikuambie siri ambayo ningeweza kufukuziwa kazi: nusu una haki. Yaangalie vizuri majani yake. Yungiyungi lenyewe lina jani pana la mviringo kama sinia, linalala juu ya maji halina haraka. Kwenye sahani ya Mama majani ni vidude vidogo vyenye ncha, kama mbigili, tena vinaota kwenye shina linalojizungusha kama mpira wa kumwagilia bustani. Mmea wa namna hiyo haujawahi kuota popote duniani.

Wataalamu wanasimulia hivi. Watu wa kale wa Misri walichora yungiyungi la mtoni kwao. Wagiriki wakaliona, wakalipenda, wakalichonga kwenye mawe ya majumba yao, na kwa kuwa hawakulijua wakalitia majani ya miiba ya kwao. Wafanyabiashara na askari wakalisukuma hadi Uhindi na katikati ya Asia. Huko wachongaji wa mahekalu ya Kibudha, ambao yungiyungi wanalijua vizuri sana, wakalirudishia petali zake, wakasahau kuondoa miiba. Likaingia China likiwa hivyo, limechongwa kwenye kuta za mapango. Likapanda kwenye vyombo vya fedha, likapanda kwenye hariri, mwisho likateremkia kwenye sahani. Na sahani pana namna ile zilitengenezwa kwa kuiga masinia ya shaba ya watu waliopenda kula wengi chombo kimoja. Hata rangi ya buluu, mwanzoni waliinunua Uajemi. Kwa kifupi, kila mtu alinakili kosa la mwenzake kwa adabu zote, halafu akaongeza la kwake.

Na huyo aliyechora ya Mama hakuwa hata fundi wa mfalme. Nikikumbuka vizuri, chini ya sahani kuna chembe za mchanga zimegandia, kama nyayo za mtoto aliyetoka kucheza. Hiyo ni kazi ya kiwanda cha pembeni: haraka haraka, meli inasubiri. Angekuwa karakana kwako ungemfukuza siku ya kwanza.

Ndiyo maana tunaitaka. Nzuri tunazo, zimejaa. Tunatafuta iliyokosewa kwa dhati.

Dereva wetu atapita kwako tarehe 20. Ni mtu mwangalifu, anaendesha kama anayebeba mayai ya mama mkwe.

Wifi yako,
Daktari


21 Machi

Wifi,

Dereva amekuja, ameondoka nayo. Nimeifunga kwa mablanketi mawili na masweta saba ya shule moja iliyokataa kuja kuyachukua. Masweta nirudishiwe.

Wote wazima.

Kama lazima muioshe, ioshwe kwa maji tu. Upande ule wa chini, pale ilipokuwa inakaa karibu na kopo la biskuti, usiguswe sana.

Nina wateja.

Fundi


10 Aprili

Wifi,

Natumaini hamjambo. Mimi sijambo, na sina habari nyingine za kukupa kwa sababu sijisikii.

Sahani ilifika salama, nikaiweka chini ya taa ya urujuanimno. Ni taa tunayotumia kwa kila chombo kinachoingia. Kauri ya kale inanyamaza chini yake. Gundi na rangi za juzi zinawaka. Ya Mama imewaka kama duka la simu.

Imevunjika, wifi. Vipande vitatu vimegandishwa, na kipande kimoja cha ukubwa wa kiganja hakipo kabisa, kimezibwa kwa plasta. Maua pembeni ni kumi na mawili. Kumi na moja ni ya Mchina. La kumi na mbili amelichora mtu mwingine, na amelichora vibaya kiasi kwamba mkuu wa idara alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Rangi ni ya mafuta, ile ya mabango. Kwa hiyo najua ilikotoka. Mliivunja baada ya Mama kufa, mkaingia stoo, mkafungua makopo ya rangi ambayo Baba, marehemu aliyetulia zake, alichorea mabango, mkapakapaka tu ili nisijue. Sasa naelewa ile habari ya "ioshwe kwa maji tu".

Mkuu ameagiza rangi hiyo ifutwe yote na plasta ibaki nyeupe. Kazi ni yangu. Nakupa wiki tatu uniambie ni nani aliyeivunja na lini. Sijakuuliza kwa simu kwa sababu nitapiga kelele, na ofisi yetu haina mlango.

Wifi yako


19 Aprili

Wifi,

Hatujambo. Kaa chini kwanza. Kama umesimama kwa ubishi, kaa tu.

Niliivunja mimi. Lakini si baada ya Mama kufa. Niliivunja wiki yangu ya kwanza ya ndoa, miaka ishirini na saba iliyopita, na Mama alikuwepo.

Nilitaka sifa. Nyumba ya watu, bibi harusi mpya, nikaona ile sahani ina vumbi, nikaitoa uani niioshe. Povu likawa jingi. Ilianguka kwenye saruji ikatoa sauti ndogo tu, kama mtu aliyetaka kusema jambo akaghairi. Vipande vitatu vikubwa, na kimoja kikawa unga. Mama akatoka jikoni. Mimi tayari nilikuwa nahesabu nguo zangu kichwani, ipi iingie begini kwanza.

Akaniuliza, "Umejikata?"

Nikasema, "Hapana, Mama."

"Basi nyamaza. Lete kanga tukusanye."

Baba aliporudi kutoka kazini alisimama akiviangalia vile vipande, mikono ina rangi ya bango la kinyozi. Akasema, "Ua moja tu ndilo limekufa. Hilo nalimudu." Alikaa siku tatu kwenye meza ya jikoni, miwani yake ile ya mguu mmoja imefungwa uzi. Mama akamwambia, "Tazama la pembeni, uige."

Baba akajibu, "La pembeni limekosewa. Mimi nitachora sawasawa."

Unamjua Baba. Ng'ombe wa bango la buchani watu walimwita mbwa, na vichwa vyote vya vinyozi vya mtaa mzima vilikuwa na sura yake. Wiki hiyo alikuwa ametoka kuchora bango la muuza mboga. Yungiyungi hajaliona maisha yake yote. Kabichi alikuwa bado anayo mkononi.

Mama akaangalia, akasema, "Umechora kabichi."

Baba akasema, "Ni ua. Limefumba."

Tulicheka, wifi, mpaka Mama akajishika ukuta. Ile ndiyo siku niliyojua kwamba nitakaa kwenye nyumba hii.

Halafu Mama akasema wewe usiambiwe. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Huyu binti yangu nampenda kuliko macho yangu, lakini akijua, utaisikia hii sahani kila likizo mpaka uzeeke." Baba na kaka yako wakaitikia kwa kichwa kama wameambiwa jua linachomoza. Kila ulipokuwa unakuja, Mama aliizungusha ua la Baba likae chini, nyuma ya kopo la biskuti. Na hapo mwisho, hospitalini, aliposema sahani ibaki ilipo, hakuwa anakunyima wewe. Alikuwa ananifichia mimi.

Sikukuambia kwa sababu niliahidi. Baadaye sikukuambia kwa sababu nilikuwa nimezoea.

Sasa nakuomba usilifute. Unajua mimi na wewe huwa hatuombani kitu. Hili nakuomba.

Barua nampa kaka yako aitie posta, anapita pale kila asubuhi.

Wifi yako


7 Mei

Wifi,

Wiki tatu zimepita, nikaongeza siku za hisani, umenyamaza. Kimya nacho ni jibu.

Leo asubuhi nimeanza. Natumia asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, na pamba niliyoizungushia kijiti. Inatoka vizuri. Petali nne zimeshaondoka. Kesho nina mafunzo ya siku mbili, kisha kuna mitungi ya mtu mwingine inanisubiri, nitamalizia wiki ijayo.

Masweta nitayatuma.

Daktari


16 Mei

Wifi,

Barua yako ya tarehe 19 Aprili imefika jana. Bahasha ina doa la grisi ukubwa wa sarafu na muhuri wa posta wa tarehe 9 Mei. Sielewi ilikuwa wapi katikati, na sasa haisaidii kuelewa.

Nimeisoma nimesimama, kwa ubishi kama ulivyosema, halafu nikakaa juu ya ndoo.

Nimemfuta Baba kwa asetoni. Nusu yake. Petali nne za kushoto na jani moja. Kwenye meza yangu kulikuwa na kopo la vijiti kumi na tisa vya pamba vyenye rangi ya buluu, vinangoja mtu wa usafi. Nimevichukua, nimevifungia kwenye droo. Sijui vya nini. Huwezi kulirudisha ua kutoka kwenye pamba.

Na nimelifuta huku nikiimba. Hilo nakuambia ili ujue kila kitu. Nilikuwa nimefurahi kwamba nimekukamata.

Leo nimekwenda kwa mkuu wa idara. Nikamwambia siwezi kumalizia.

Akasema, "Nusu ua ni uchafu kuliko ua zima. Maliza."

"Limechorwa na baba yangu."

"Baba yako alikuwa mtaalamu wa kauri?"

"Alikuwa mchora mabango."

Akanitazama kama mtu anayepima joto la maji. Nikamwambia, mzee, ukuta wote wa maonyesho yako unasema hivi: huyu alikosea, yule akanakili kosa, mwingine akaongeza la kwake. Kama tunafuta makosa, tuanzie wapi? Ile miiba kwenye yungiyungi nayo niifute?

Akasema, "Yule Mchina ana miaka mia nne. Baba yako ana mingapi?" Halafu, kwa upole kidogo, akasema sahani ni ya familia, hawezi kunilazimisha. Ila ikiwa na rangi ya mabango haiingii kwenye kabati lake. Mwenye mali aamue, aandike.

Hapo ndipo penye jambo la pili. Fomu ya kuazima sahani niliijaza mimi. Pale pa mwenye mali niliandika jina langu. Pale pa tarehe ya kurudisha niliacha wazi. Kalamu haikuteleza. Nilikusudia isirudi kwako, na maonyesho yalikuwa sababu nzuri niliyoiokota njiani. Fomu nimeichana. Nimejaza nyingine, jina ni lako.

Kwa hiyo sema wewe. Nimalizie iingie kabatini, taa juu, watu waje waione? Au irudi nusu hivyo hivyo?

Na nikuulize swali moja, unijibu kama ulivyozoea, bila sukari. Watu wanne wa nyumba moja walikula njama miaka ishirini na saba kwa kuniogopa. Nilikuwa mbaya hivyo?

Wifi yako


26 Mei

Wifi,

Ndiyo.

Kile kifuniko cha sufuria nilichokipinda mwaka wa pili wa ndoa ulinitajia miaka tisa. Ulinitajia kwenye ubatizo wa pacha, mbele ya kasisi. Sasa fikiria sahani.

Lakini pia wewe ndiye uliyemwogesha Mama miezi yake ya mwisho kila ulipopata ruhusa kazini, na ulimwogesha huku ukimchekesha, jambo ambalo mimi sikuliweza. Kwa hiyo ulikuwa mbaya, tena ulikuwa mzuri, mambo yote kwa sauti kubwa.

Kuhusu fomu, nilikasirika siku nzima. Nilikata suruali mbili kwa kipimo cha mtu mmoja na bado nilikuwa na hasira. Jioni ikapungua. Mimi nilikudanganya miaka ishirini na saba, wewe umenidanganya miezi mitatu. Bado nakuzidi.

Ile barua nimeifuatilia. Nilimkalisha kaka yako kwenye kiti cha wateja. Akasema aliitia kwenye begi la zana ili isikunjike, akaiwekea juu kipimo cha gesi ya friji, akaisahau mpaka alipokitafuta kipimo. Akaitia posta siku hiyo hiyo, na akaona bora asiniambie. Ananyamaza kwa sababu ndivyo alivyolelewa, nyumba yenu yote mnanyamaza isipokuwa wewe. Akaniuliza, "Kwani ilikuwa na haraka?" Nikamtazama. Wifi, yule mtu kipindi kile alipochelewa kumpeleka Baba hospitali kwa nusu saa aliibeba hiyo nusu saa miaka kumi na miwili. Nikamwambia haikuwa na haraka. Hajui kilicholipata ua la Baba. Nimemwambia tu makumbusho wamebadili mawazo.

Maana sahani irudi. Taa ya kabatini sina haja nayo. Lakini isirudi nusu. Lichore.

Usiniambie hujui lilivyokuwa. Mimi nalijua. Mtu aliyevunja kitu hukiangalia kuliko mwenye kitu. Miaka yote hii, kila nikiusubiri usingizi wa mchana kwenye lile kochi, nilikuwa nalitazama. Nimekuchorea hapa kwenye karatasi ya kukatia nguo, kipimo chake halisi, kwa chaki na penseli. Zingatia: petali ya pili kutoka juu ina mshipa katikati kama wa jani la kabichi, kwa sababu ni jani la kabichi. Ya tatu inagusa jirani yake, pale mkono wa Baba ulitetemeka. Ya nne ni nene mno. Jani lina ncha mbili, si tatu kama ya Mchina. Aliona tatu ni nyingi.

Usilirekebishe. Nakujua.

Fundi


20 Juni

Wifi,

Sijambo, hata goti limenyamaza. Nafikiri lilikuwa linasubiri nijishughulishe na mambo mengine.

Nimelichora. Rangi ya mafuta ya aina ya Baba siku hizi haipatikani kirahisi. Nimeipata kwa mchora namba za magari karibu na gereji. Aliniuliza nataka kuchora gari la aina gani, nikamwambia sahani ya kulia, akanipimia kidogo kwenye kifuniko cha chupa bila kuuliza zaidi.

Nimeweka karatasi yako chini ya kioo, sahani pembeni, nimekaa siku nne za mapumziko yangu ya mchana. Nilidhani itakuwa rahisi. Nimesomea kuiga mikono ya watu waliokufa karne nyingi zilizopita, nikaona kabichi ya Baba itanichukua saa moja. Imenishinda mara sita. Mkono wangu unajua mno. Kila nikifika kwenye petali ya tatu unataka kuinyoosha. Mara ya saba nilishika brashi kwa mkono wa kushoto, nikafikiria bango la muuza mboga, likaja. Si sawasawa na lako, na lako nalo nadhani si sawasawa na la Baba. Lakini limefumba.

Mkuu wa idara alipita siku ya tatu, akasimama nyuma yangu. Nikamsubiri aseme. Akasema, "Lile jani lina ncha mbili?" Nikamwambia Baba aliona tatu ni nyingi. Akaondoka. Jana akaleta sanduku la mbao lenye sponji, yale tunayotumia kwa vitu vya mkopo kutoka nje, akaliweka mezani kwangu.

Dereva analeta sahani tarehe 28, pamoja na masweta yako saba. Usimwambie kaka kilichotokea. Hilo umeliamua vizuri, na mimi nitaufunga mdomo. Utaona nitakavyoweza.

Sijui nitakuja lini. Sijui kama nimekaribishwa.

Daktari


4 Julai

Wifi,

Sote hatujambo. Pacha wamerudi likizo, nyumba imejaa viatu. Masweta nimeyapokea, ile shule imeamua inayataka.

Nilipofungua sanduku nilianza kwa kutafuta makosa yako. Yako mawili. Petali ya pili umeipa mshipa mwembamba kuliko wa Baba, na ya nne ni nene lakini si nene kwa ujinga ule ule. Nimeangalia asubuhi, nimeangalia mchana kwenye mwanga wa dirisha la karakana, nimepitisha kidole. Basi. Yabaki. Nikamwita kaka yako aitundike ukutani, nikamwambia safari hii ua liwe juu, wazi, kila anayeingia alione.

Alipomaliza akabaki amesimama mbele yake na kikombe cha chai, bisibisi bado iko mfukoni. Alisimama hadi chai ikapoa. Yule mtu, kama ujuavyo, maneno yake ya mwaka mzima yanaenea kwenye kiberiti.

Akasema, "Baba alikuwa na mkono."

Nikamwambia, "Alikuwa nao."

"Watu walimcheka, lakini alikuwa na mkono. Hasa hapa." Akanyoosha kidole akakiweka juu ya petali zako nne, moja baada ya nyingine, polepole. "Hapa unaona kabisa ni yeye. Huku kwingine alikuwa amechoka."

Niliingia jikoni nikafungua bomba la maji, lisikike badala yangu.

Njoo Agosti, pacha watakuwa bado wapo. Utalala chumba cha Mama, nimetoa vitambaa. Kaka yako atakuonyesha petali zile, maana anamwonyesha kila mgeni, hata msoma mita. Mimi sikumwambia kitu. Na wewe ukija, akinyoosha kidole, sema tu ndiyo.

Wifi yako